Mashuka Yanayojipanga Yenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Nimesikiliza redio nikinyoa ndevu. Profesa kaeleza jinsi ndege elfu wanavyoruka pamoja bila kiongozi. Kila mmoja anamtazama jirani yake tu. Hakuna anayeamuru, hakuna wanaogongana! Mchwa nao: hawana ramani wala fundi mkuu, na kichuguu kinasimama. Nimejikata kidevu kwa furaha. Miaka tisa nasimamia chumba cha kufulia cha hoteli, nafoka mpaka koo limekuwa msasa. Kumbe mpangilio huja wenyewe! Nafasi ya meneja msaidizi iko wazi. Fundi wa mashine, tunayemwita Spana, anaimezea mate. Atakoma.

Jumanne, 4 Juni
Nimewatangazia wafanyakazi wote kumi na wawili: hakuna zamu, hakuna orodha, kila mtu amfuate jirani yake. Mama Pasi, aliyekuwepo hapa kabla ya mashine zenyewe, ameuliza mimi nitafanya nini. Nimemjibu nitatazama kisayansi. Saa tatu mmoja alikwenda kunywa chai. Jirani yake akamfuata. Saa nne nilikuwa natazama ukuta.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Mapazia yamefuliwa mara tatu, mashuka hayajafuliwa hata mara moja. Mgeni mmoja kalala juu ya taulo. Nimemfafanulia Spana kwamba mpangilio huzaliwa ndani ya vurugu. Akasema basi leo nimejaliwa mapacha. Mke wangu naye anasema hajawahi kuona mchwa aliyepandishwa cheo. Nyumba hii haina sayansi.

Alhamisi, 6 Juni
Muujiza! Mama Pasi kasogea penye rundo kubwa la mashuka, bila kuamriwa. Wa pembeni kamwona, naye akasogea. Kufikia saa nne shuka lilikuwa linapita mkono kwa mkono. Mashine moja ikafa. Mstari ukaizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti: wa kushoto, njoo kulia! Wawili wakagongana vichwa.
“Samahani, baba,” Mama Pasi akaniambia, “unaziba njia. Hebu kaa kwenye kapu.”
Nikakaa. Kapu lina magurudumu. Nimesukumwa mpaka kwenye vikaushio mara mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Meneja kaja, kastaajabu. Kauliza nani anawaongoza. Wakatazamana, wakasema hakuna. Nikanyoosha mkono kutoka kapuni. Kauliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikasema kwa fahari: sifanyi chochote, bwana, na nimekifanya kwa ustadi mkubwa!
Mchana barua. Cheo cha msimamizi kimefutwa. Kuanzia Jumatatu nakunja foronya. Cha meneja msaidizi kimefutwa pia, maana kumbe hakihitajiki. Spana kalia. Nimefarijika kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Foronya mia mbili. Nimemfuata jirani, kazi imekwisha mapema, hakuna aliyefoka. Hali ya hatari! Mfumo usio na kiongozi unaweza kuingiliwa na kiongozi wakati wowote. Nimemwandikia meneja barua, nikipendekeza niwe Msimamizi Mkuu wa Kutosimamiwa.
Nimeomba filimbi na wasaidizi wawili.