Wasije Wakasema Amepona

Jumatatu, 4 Machi
Daftari langu, hujambo? Huku baba watoto hajambo, ila kikohozi. Dada yake, wifi yangu, hajambo, ila mdomo. Kitinda mimba hajambo. Mimi mzima. Asiye mzima ni kifungua mimba wangu. Unene umemzidi: akipanda ngazi anahema, akilala pumzi inakatika. Daktari anataka kumpasua, ampunguze mfuko wa chakula. Bima watalipa, ila kwanza apungue mwenyewe kwa mboga za kuchemsha, wampime waone. Mtego huo! Akipungua si watasema amepona? Sidanganyiki.

Jumatano, 6 Machi
Nimetia siagi kwenye mboga zake. Kijiko kimoja. Haya, viwili. Kasifu: mama, leo mboga zimekubali! Maskini mwanangu. Wifi kachungulia sufuria, kauliza mbona mboga za mgonjwa zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikamwambia ni maji mazuri.

Jumatatu, 18 Machi
Mizani. Kaongezeka kilo mbili! Nikapiga kigelegele palepale kliniki. Muuguzi kaniuliza, mama, unashangilia nini? Bima wamesema hafuati masharti. Imebaki nafasi moja, kisha wanafunga faili. Nyumbani mwanangu kasema labda mwili wake una laana, maana anakula majani na bado ananenepa. Nimelia chooni.

Jumanne, 19 Machi
Nimepata njia! Siku ya mizani nitasimama nyuma yake, nimwinue kidogo kwa mkanda. Nimejaribia gunia la mkaa. Mgongo! Sasa nimelala chali na wifi ndiye anapika. Anachemsha mboga hadi zinasahau zilikuwa nini. Hana huruma yule mwanamke.

Jumatatu, 8 Aprili
Kapungua kilo tano. Bima wamekubali! Mwanangu kamkumbatia shangazi yake mpaka kamnyanyua. Wifi kaniambia pole na mgongo. Pole ile ina miiba. Mimi niliyemtilia roho yangu yote sufuriani nimeambulia pole!

Ijumaa, 26 Aprili
Kapasuliwa salama. Mungu mwema. Lakini daktari kasema apewe vya majimaji tu, tena vijiko vichache. Vijiko! Mtu mzima yule! Nimefikiri sana. Supu nayo si majimaji? Nyama nitaisaga mpaka isijulikane. Nimemtumia muuguzi ujumbe: Muuguzi wangu, salamu nyingi. Hivi vikapu vya wageni hukaguliwa mlangoni? Nijibu upesi, supu inapoa.