Mkazi wa Miji Mitatu

Jumatatu, 3 Februari

Mke wangu Shamsa amepata tenda. Shule ya chekechea kule Buswelu inataka unga wake wa lishe kwa uji wa watoto, kila wiki. Watoto mia na themanini. Vipimo vya unga vilishapita, mashine ya kusagia ipo sebuleni imefunikwa kitenge. Kinachokosekana ni leseni ya biashara. Shule inataka kuiona kufikia Ijumaa ya tarehe 14. Wasipoiona, tenda anapewa mwingine.

Kazi ya leseni nimepewa mimi. Shamsa kasema niende kwa mtendaji wa mtaa wetu hapa Igoma, nichukue barua ya utambulisho, niipeleke ofisi za jiji, basi. Hilo "basi" amelisema mara mbili.

Hana jicho la biashara, maskini. Mtu makini hanunui shati kabla hajalizunguka soko zima. Kwa nini leseni ya Igoma wakati Kisesa ipo hapo mbele tu, tena wilaya nyingine? Kwa nini isiwe Sengerema, ng'ambo ya maji? Kila halmashauri ina taratibu zake. Nitazilinganisha zote tatu, kitaalamu. Nimenunua daftari na rula. Nimechora jedwali: idadi ya madirisha, idadi ya mihuri, idadi ya "njoo kesho". Alama kumi kwa jumla.

Odoyo, jirani yetu anayechomelea mageti, amenikuta nachora. Kauliza ni ya nini. Nimemweleza kwa urefu. Kasema yeye leseni yake aliipata ndani ya siku tatu na hakuchora kitu. Bahati hiyo. Wenye bahati hawajui kueleza mambo.

Jumanne, 4 Februari

Kisesa. Mapokezi mazuri. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Maige, nimemkuta barazani kwake anaziba pancha ya baiskeli. Shikamoo, marahaba, kigoda kikaletwa. Kigoda hakina kipengele kwenye jedwali, lakini nimekipa nusu alama.

Kasema barua ya utambulisho wanaitoa kwa mkazi tu, kwa sababu kitongoji hakiwezi kumtambulisha mtu kisiyemjua. Nililitegemea hilo. Nikamwambia nimehamia. Naishi kwa rafiki yangu Elias, muuza vipuri vya baiskeli. Elias alikuwa pembeni, akakohoa.

Mzee Maige hana haraka. Kafungua daftari la wakazi, kaniandika. Kauliza nimetoka wapi. Igoma. Kauliza jina la mtendaji wa huko. Nimempa, Bi Evelina, na namba yake ya simu, ili aone kwamba mimi ni mtu wa watu. Kauliza kuhusu familia. Nikasema mke amebaki Igoma kwanza. Hilo nalo kaliandika. Huyu mzee anaandika kila kitu.

Barua nitaipata Jumatatu. Dirisha moja, muhuri mmoja, "njoo Jumatatu" moja. Alama nane na nusu.

Alhamisi, 6 Februari

Sengerema. Kivuko, kisha basi. Karani anaitwa Mashimba, kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Naye anataka mkazi. Nimekuwa mkazi kwa mara ya pili wiki hii. Nilisema naishi kwa shangazi yangu. Kwa kweli shangazi yangu yupo Bukoba, ila aliwahi kupita Sengerema akienda harusini.

Wakazi wapya wanatambulishwa kwenye mkutano wa Jumamosi asubuhi, na baada ya mkutano watu wote wanabeba mawe ya msingi wa darasa. Sawa. Utafiti una gharama zake. Alama tisa, Sengerema inaongoza.

Nilipofika nyumbani Shamsa kauliza barua iko wapi. Nikamwambia utafiti uko katika hatua nzuri. Aliangalia kalenda ukutani muda mrefu kuliko kawaida.

Ijumaa, 7 Februari

Simu kutoka kwa Mzee Maige. Kuna msiba kitongojini. Wanaume wote kesho asubuhi kwenye kuchimba kaburi, kila mmoja na mzigo wake wa kuni. Nimeuliza kwa upole kama mkazi mgeni anasamehewa. Kasema asiyefika msibani anatengwa, hapati hata kijinga cha moto cha kuwashia jiko, na kwamba ananiambia mapema kwa sababu ananipenda.

Saa ileile natakiwa Sengerema kwa mkutano na mawe.

Nimemtumia Mashimba ujumbe kwamba shangazi anaumwa, siwezi kumwacha. Karudisha upesi: pole sana kaka, nielekeze nyumba, nakuja na mama kumjulia hali. Nimezima simu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimechimba. Marehemu ni bibi wa miaka tisini na moja ambaye sikuwahi kumwona. Watu wamemlilia kwa dhati, inaonekana alikuwa mtu mzuri. Elias kanipa sururu yenye mpini uliolegea, nadhani makusudi. Nilitoa ushauri kuhusu unyoofu wa kingo, kwa kutumia rula. Wakaniambia fundi ashuke mwenyewe. Nikashuka. Viganja vyote vina malengelenge.

Baada ya maziko na ugali wa dagaa kikafanyika kikao. Katibu wa chama cha kuzikana kahamia Shinyanga. Wanahitaji mtu mwenye daftari na mwandiko. Macho yote yakanigeukia. Nimechaguliwa bila kupingwa. Nitasema ukweli, nilifungua ukurasa mpya papo hapo. Miaka kumi na minne naishi Igoma na hakuna aliyewahi kunichagua hata kushika filimbi ya mchezo wa watoto.

Nyumbani Shamsa kauliza udongo wa kwenye suruali umetoka wapi. Nikasema kwenye utafiti.

Jumatatu, 10 Februari

Barua ya Kisesa ninayo! Muhuri wa bluu, umekaa sawasawa. Inasema Nurdin ni mkazi halali wa kitongoji hiki, aliyehamia kutoka Igoma. Imeandikwa vizuri. Nimeisoma mara tatu nikiwa njiani kwenda dirisha la biashara.

Dirishani dada kaisoma, kaisifu, kisha kaomba mkataba wa pango. Fremu ya biashara iko wapi hapa Kisesa? Nikasema haipo. Mashine je? Sebuleni, Igoma. Kaniuliza bila ubaya wowote kwa nini basi nisikate leseni Igoma. Nikamwambia swali lake ni zuri na linafanyiwa kazi.

Nimeongeza kipengele cha nne kwenye jedwali: fremu. Kisesa imeshuka hadi saba.

Jumanne, 11 Februari

Nimewasilisha matokeo kwa Shamsa baada ya chakula. Nimesimama, nimetumia rula kuonyesha. Sengerema tisa, ingawa kule sipigi hatua kwa sasa kwa sababu za kifamilia. Kisesa saba. Igoma bado, nilikuwa naiacha mwisho kwa kuwa naijua.

Kasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, leseni iko wapi, Baba Raya? Nikasema utaalamu hausukumwi. Kasema zimebaki siku tatu, na watoto wa chekechea hawanywi jedwali. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kumjibu. Kasema unga huu ameuhangaikia miaka miwili, akichanganya kwa mikono usiku mimi nikiwa nimelala, na tenda hii ikipita hataipata nyingine. Kisha kajifunga mtandio, kaenda kumuuliza Odoyo ofisi zinafunguliwa saa ngapi.

Odoyo! Mtu asiyejua hata kulinganisha. Imeniuma, siwezi kuficha.

Kesho asubuhi naenda mwenyewe kwa Bi Evelina. Jioni naweka barua ya Igoma mezani, na Odoyo ataona.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Bi Evelina kanipokea kwa furaha. Kanipa hongera. Nikauliza ya nini. Kasema za kuhamia Kisesa. Mzee Maige alimpigia simu wiki iliyopita, kama inavyopaswa baina ya viongozi, kumjulisha kwamba mtu wenu tumempokea. Jana kampigia tena kuwashukuru Igoma kwa kuwapa katibu mzuri.

Nikasema kuna kutoelewana kidogo, naomba barua ya utambulisho. Kasema hawezi kumtambulisha mtu ambaye haishi mtaani kwake. Kageuza daftari la wakazi upande wangu. Jina langu limepigwa mstari, kwa rula, safi kabisa. Pembeni kumeandikwa: amehama. Na chini yake: mkuu wa kaya, Shamsa.

Nikasema mkuu wa kaya ni mimi. Bi Evelina kasema kwa upole kwamba mkuu wa kaya alikuwa hapo muda si mrefu, kachukua barua yake, katoka nayo kwenda jiji. Haikumchukua dakika kumi.

Nikauliza mtu anarudi vipi. Njia ni mbili, na mojawapo inatosha. Niende Kisesa nikapewe barua ya kuhama. Au mkuu wa kaya ajaze fomu kwamba ananipokea nyumbani, asaini. Fomu ya mtaa kampa Shamsa leo asubuhi, ikiwa itahitajika.

Niombe saini ya mke wangu ili niishi nyumbani kwangu? Baba yangu angefufuka. Naenda Kisesa.

Alhamisi, 13 Februari

Kisesa imekataa. Mzee Maige kasema katibu hawezi kuondoka bila kukabidhi daftari kwenye kikao, na kikao ni mwisho wa Machi. Nikamweleza kwamba nina mke Igoma. Kasema analijua hilo, ameliandika, na kwamba kitongoji kinamsubiri kwa hamu. Kinamama wameshateua wa kumsaidia kufua mapazia siku akifika.

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini kanishika bega, kasema tangu nije orodha ya michango inasomeka. Nikaishia kuandika majina ya wanachama wapya, arobaini na sita, kurasa zote zilizobaki za daftari langu.

Kisesa imeshuka hadi mbili.

Ijumaa, 14 Februari

Leseni imetoka. Jina la Shamsa juu kwa herufi kubwa. Alilipia jana, leo saa nne wakampa, saa sita alikuwa Buswelu mbele ya mwalimu mkuu. Tenda ni yake. Jumatatu anapeleka mzigo wa kwanza. Mkataba wa fremu iliyo jirani na Odoyo alishausaini juzi.

Odoyo kaitengenezea leseni fremu ya chuma, ameisugua na kuipaka rangi ya fedha, na hakutaka malipo. Kazi ya kawaida. Kona moja haijakaa vizuri.

Shamsa alipoingia nayo aliiweka juu ya mashine, akakaa chini kwenye mkeka, akalia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikampelekea maji. Kanywa, kacheka, kasema ahsante Baba Raya. Kwa dakika moja nilisahau habari zote za daftari la wakazi.

Kisha kaniuliza kama nina jambo la kumwomba. Nikasema hapana. Kauliza tena, ananitazama, una uhakika? Nikasema nina uhakika kabisa. Katikisa kichwa, kainuka kwenda kuosha ndoo za unga. Niliona mabega yake yanatikisika. Ama analia tena, ama anacheka.

Jumapili, 16 Februari

Nyumba tulivu. Odoyo na mkokoteni wake wamehamisha mashine. Sebule imekuwa kubwa. Shamsa yupo fremuni tangu asubuhi, anakaanga karanga na soya, harufu inafika mpaka hapa.

Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu lilikuwa dogo na sasa naliona: nililinganisha halmashauri tatu tu. Sampuli ndogo. Lazima upo mji ambao mtu aliyehama anaweza kurudishwa kwake upesi, kwa muhuri mmoja, bila kumsumbua mkuu wa kaya. Naweza kuhamia huko kwa siku mbili, nikapata barua ya kuhama, nikaileta kwa Bi Evelina. Nimesikia Geita wana utaratibu mzuri. Musoma pia. Bunda sijui.

Odoyo, alipokuja kuchukua kitenge cha mashine, kasema kwa nini usimwombe mkeo tu. Watu wengine hawaoni ukubwa wa tatizo.

Daftari limejaa majina ya chama cha kuzikana, kwa hiyo nimetafuta karatasi nyumba nzima. Nimeipata moja mezani chini ya kopo la sukari, nzuri, nene, upande wa nyuma mweupe kabisa. Mbele ina muhuri wa mtaa na saini ya Shamsa, na jina langu limeandikwa mahali fulani katikati. Mambo ya leseni yake hayo, sikuyasoma. Nimeikata vipande viwili kwa rula. Kimoja cha Geita, kimoja cha Musoma.