Migomba Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 7 Oktoba 1991
Mkutano Makandana. Bwana shamba, mgeni kutoka Singida, katangaza mbolea ya ruzuku. Bei ya kutupa! Ila ni ya wenye mahindi tu. Mimi nina migomba aliyoniachia marehemu mama. Jirani yangu Jotham kasema yeye hang'oi kitu. Mshamba yule! Nitakata migomba, nitapanda mahindi, mbolea nitaiuza kwa bei ya dukani.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimekata yote. Mke wangu Tusekile alilia, akauliza tutakula nini. Nikamjibu tutakula hela. Nikainua kichwa, nikamwona baba barazani kwake, ananitazama. Lo! Migomba ndiyo iliyokuwa katikati ya baraza yake na jiko letu. Na kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe hawaonani. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Tusekile kajifungia jikoni. Nimemsihi baba ahamie upande wa pili. Akasema alikaa baraza ile kabla sijazaliwa. Maji nimechota mwenyewe. Wanawake mtoni walicheka mpaka wakatua ndoo. Nimeona aibu sana.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nilitundika shuka kwenye kamba, Tusekile apite nyuma yake. Ikaja mvua na upepo, shuka likaenda matopeni. Wakaonana ana kwa ana! Baba akafunika uso kwa kofia. Tusekile akafunga nguo zake kwenye kitenge, akarudi kwao Msasani, kijiji cha jirani, bila kuniaga.

Jumatatu, 14 Oktoba
Siku ya mbolea. Kumbe kila mtu kakata migomba! Bwana shamba akasema mbolea ni ileile, watu wamezidi, kwa hiyo kila mmoja ndoo moja. Nimuuzie nani, na wote wanayo? Sokoni ndizi hazishikiki kwa bei. Anayeziuza ni Jotham. Anatabasamu, mbwa yule.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimekwenda Msasani. Tusekile hakutoka. Alimtuma dada yake Ikupa aniambie kwamba atarudi siku migomba itakapomsitiri tena. Nyumba imepoa. Nimekula mahindi ya kuchoma peke yangu, nikalia. Jotham kaniletea machipukizi ya migomba, bure kabisa. Nimezidi kumchukia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimeamka mapema kupanda machipukizi, moyo mzito. Akapita Amoni, fundi baiskeli, akasema kasikia mjini kwamba ruzuku ya mbolea inakwisha, na sasa watakaosamehewa kodi ni wanaoanza kilimo cha chai. Chai! Jotham hana hata mche mmoja. Machipukizi yake nimewatupia ng'ombe. Nimekwenda kupima chai ya watu kule bondeni: inanifika kiunoni. Inatosha. Tusekile atakuwa anapita ameinama.