Vibandiko vya Mafundi wa Lifti

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Dada, nimeahidi kukuandikia kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Basi sitaficha neno. Ukimaliza kusoma, usimwonyeshe mama.

Likizo imeanza kwa mashaka. Shangazi ametuchukua wawili ofisini kwake, mimi na binamu yetu Nadhifu. (Bado sketi yake haipati kunyanzi hata akikaa kutwa.) Ijumaa atachagua mmoja abaki naye mpaka shule zifunguliwe. Mwingine ataenda kwa mjomba, dukani, kupanga misumari. Unamjua mjomba. Unaijua ile sauti. Sitaki kwenda!

Kampuni ya Shangazi hutengeneza lifti za maghorofa. Kila fundi ana kishikwambi, ile simu pana kama daftari, chenye michoro ya lifti na namba za siri za kuziendeshea. Shangazi anavisimamia vyote kutoka kwenye kiti chake, bila kuvigusa! Kiwandani kila kimoja hutoka na namba ndefu isiyomwambia mtu chochote. Kwa hiyo yeye huvibandika maneno ndani ya kompyuta: hiki ni cha nani, idara gani, jengo gani. Anayaita vibandiko. Si vya gundi, ni maneno tu. Kisha anatoa amri: chenye kibandiko cha "fundi" kipewe michoro, chenye kibandiko cha "stoo" kifungwe, kioo kiwe cheusi, mwizi asinufaike. Neno moja, na kifaa kinatii. Nilisisimka.

Shangazi akaonya kwamba tusibuni lolote bila kumwuliza, maana mfumo hauna utani. Nikaitikia abee. Nadhifu naye akaitikia abee, ya kwake tamu zaidi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nadhifu ananiacha mbali. Anajaza vibandiko kama anayemenya karanga. Shangazi amemwita "mwanangu wa dhahabu". Mimi nimeambiwa "na wewe pia, mama, jitahidi". Na wewe pia! Nikaiona misumari ikinisubiri.

Lakini nimepata njia. Kila kifaa kina sehemu moja iliyoachwa wazi, imeandikwa "Maelezo". Imekaa bure! Nadhifu ameiruka. Nikawaza hivi: Shangazi anajua kishikwambi ni cha nani, ila hajui mwenyewe anakitunza vipi. Mimi macho ninayo. Nikaandika, kila mtu na lake, kwa sentensi kamili kama mwalimu alivyotufundisha.

Mhasibu: "Hukifuta kwa kiganja chenye mafuta ya nywele." Fundi mkuu: "Hukitukana kikichelewa kuwaka, halafu hukiomba radhi." Meneja: "Husinzia nacho kifuani, kikaanguka. Hukoroma."

Sijamwambia Shangazi. Ataona mwenyewe Ijumaa, ashangae.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Dada, nimekwisha.

Asubuhi mhasibu ameingia amekishika kishikwambi kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Kioo kimefungwa, na juu yake, chini ya saa, maneno yangu. Na nukta yangu mwishoni! Akauliza nani kaandika. Shangazi alikuwa ghorofa ya chini akipokea mzigo. Nikasema labda ni mfumo. Nadhifu akakohoa. Mhasibu akasema mfumo huo una macho makubwa kwa umri wake, akaondoka akinukia mafuta.

Kumbe "Maelezo" ndiyo huonekana kwenye kioo kilichofungwa, ili atakayeokota kifaa ajue pa kukirudisha. Shangazi aliiacha wazi kwa sababu hajaamua namba gani ya simu aiweke. Nadhifu alijua. Nilimwuliza alijuaje. Akasema aliuliza.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuuliza tu hivi hivi!

Kila kifaa kikipata mtandao hupokea maneno mapya, na kwenye kompyuta kinawaka kijani. Nikaviona vikiwaka. Kimoja, kingine, kingine. Cha Meneja bado. Alikuwa njiani kwenda jengo jipya, kuwaonyesha wageni lifti ambayo kampuni inaringia. Akifika tu atapata mtandao. Nikamsihi Nadhifu tusaidiane kufuta. Akasema, "Profesa, umeyaandika mwenyewe, yafute mwenyewe." Kufuta moja moja? Nisingemaliza.

Ndipo nikakumbuka stoo! Kifaa cha stoo kioo huwa cheusi. Kioo cheusi hakina maneno. Nikavichagua vyote, nikavipa kibandiko hicho kwa mpigo mmoja. Kijani kikaanza kuzimika. Nikashusha pumzi.

Robo saa baadaye, cha fundi mkuu kilipozimika cha mwisho, simu ya mezani ikalia. Fundi mkuu. Alikuwa ananong'ona, na mtu wa kufoka akinong'ona ujue mambo ni mazito. Kishikwambi kimemfia mkononi akiiendeshea ile lifti ya jengo jipya. Lifti imekwama kati ya ghorofa. Ndani yumo Meneja na wageni. Bila namba ya siri hawezi kuishusha.

"Nani kanizimia, binti?"

Nikasema Shangazi hayupo.

"Sijauliza Shangazi yuko wapi."

Nikajaribu kuvirudisha vifaa, lakini vyote sasa vilikuwa stoo: mafundi, mhasibu, hata mlinzi wa getini. Nani alikuwa nani? Nilikuwa nimevifuta vibandiko vya zamani kwa mkono wangu. Nadhifu akatazama kioo, uso ukamparama, akatoka mbio kumwita Shangazi. Mimi nikabaki na simu sikioni. Nikawasikia, dada. Ngo, ngo, ngo, mlango wa chuma unapigwa. Mwanamke analia, anasema hapati hewa. Fundi mkuu anamwita mama, anamwambia kamba ni nzima, haanguki, avute pumzi taratibu. Nikavuta pumzi pamoja naye. Nilisahau Ijumaa. Nilisahau misumari. Nilitaka mlango ufunguke tu.

Shangazi aliingia anahema. Akakaa kwenye kompyuta. Ana nakala ya vibandiko vyote, huihifadhi kila jioni kabla ya kutoka. Akairudisha ya jana. Vifaa vikawaka kijani. Simuni nikasikia fundi mkuu anasema "kimeamka, kimeamka", kisha muungurumo, kisha mlango. Watu wakashangilia. Nikalia.

Halafu Shangazi akauliza, polepole sana, kama jana jioni nilikuwa nimeandika kitu chochote ambacho nakala ingekichukua.

Fundi mkuu ndiye aliyetuhadithia baadaye. Meneja alitoka ameloa jasho, akakiinua kishikwambi chake mbele ya wageni aombe radhi kwa heshima. Kikawaka mkononi. "Hukoroma." Yule mama aliyekuwa akilia alicheka mpaka akalia tena. Meneja hakucheka.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Shangazi aliitwa kwa Meneja. Mlango ukafungwa. Nikakaa nje na Nadhifu, na kwa mara ya kwanza sketi yake ilikuwa na kunyanzi. Nilikuwa na hofu kwamba Shangazi atafukuzwa kwa sababu yangu. Nilimsikia akisema kosa ni lake, alituachia watoto mfumo mzima wazi, asimlaumu mtu mwingine. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakufukuzwa. Ila kuanzia leo hakuna kibandiko kinachobadilishwa mpaka mtu wa pili akione. Na mtu wa pili ni Nadhifu.

Mimi ni kwa mjomba.

Shangazi alinishika bega. Akasema, "Mwanangu, macho unayo, mazuri. Tatizo mkono wako unatangulia mdomo. Uliza kwanza." Nikaapa mbele yake. Niliapa kweli, dada, na nukta mwishoni.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Misumari. Sauti ya mjomba haijapungua hata kidogo. Asubuhi ameita "Wewe!" na watu watatu barabarani wamegeuka.

Lakini sikia! Wapeleka mizigo wake wana simu za duka, na mjomba amewekewa mfumo kama wa Shangazi, mdogo tu, hakuna anayeujua. Akauliza kama naelewa mambo hayo. Nikasema ndiyo, upesi kuliko nilivyokusudia. Nimepanga vibandiko vyote: nani, njia gani, zamu gani. Mjomba ameitikia "mm", na kwake hiyo ni sifa.

Kuna sehemu moja ilikuwa wazi. Si "Maelezo", dada! Maelezo nisingeigusa. Hii inaitwa "Ziada". Nikataka kumwuliza mjomba huonekana wapi, lakini alikuwa anamfokea mtu wa saruji, nikaogopa. Basi kwenye simu yake nimeandika jambo la heri tu: "Hupiga kelele kwa sababu sikio la kushoto halisikii, na anaona haya kusema."

Simu yake imelia sasa hivi, mlio mfupi wa kupokea kitu kipya. Napiga picha kurasa hizi nikutumie. Wewe umewahi kutumia simu za kazini. Nijibu sasa hivi, tafadhali, maana mjomba ameanza kutafuta miwani yake: hiyo "Ziada" huonekana wapi?