Mashine Yangu Haiendi Popote

Jumatatu, 3 Machi
Redio imeitia chai yangu nyongo. Eti kila mwenye mashine ya kufulia kama yangu aache kuitumia, kiwanda kitapita kuichukua na kuleta nyingine. Eti springi za ndani zinakatika, mashine inaruka. Uongo! Niliichagua mwenyewe, mtaa mzima unajua. Shemeji, kaka wa mama watoto, alinikataza siku ya kuinunua. Nikiirudisha atanicheka mpaka tuzikwe. Haiendi popote.

Jumanne, 4 Machi
Mtaa umeingia wazimu. Jirani kinyozi kaitoa yake nje, kaifunga kamba kama mbuzi. Waoga! Mama watoto kasema hiyo haigusi tena, na beseni hashiki, mgongo umemchosha. Ikibaki, yeye anahamia kwa binti yetu. Nikamwambia mimi sitishwi. Kasema hatishi mtu, anakunja nguo. Kweli, sanduku liko kitandani.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata: matofali juu ya mashine! Nikafua shuka. Tofali moja likaruka, likavunja kioo cha dirisha. Lilikuwa tofali bovu. Shemeji kapita eti kusalimia, kalitazama dirisha, kauliza kama sasa napata hewa ya kutosha. Mnafiki! Lori la kiwanda linakuja kesho. Mama watoto kasema nikiwafukuza, ataomba lifti kwenye lori hilohilo.

Alhamisi, 6 Machi
Wamefika. Nikawaambia vijana wa lori nafua mbele yao, ikiruka waichukue. Nikaikalia mwenyewe. Uzito wangu si wa mchezo! Mwanzo ilitulia kama paka. Ilipoanza kukamua, lo! Ikanibeba. Tukapita mlango, tukaruka kizingiti, mpira wa maji ukachomoka ukawaogesha wote. Waya wa umeme niliurefusha kwa mkono wangu, kazi ya fundi, haukuchomoka mpaka tulipogonga lori. Kinyozi akapiga makofi. Shemeji akaniambia shuka, mzee, kituo ni hiki. Mama watoto akasema hata mashine imenikimbia. Lakini alicheka mpaka akakaa chini, na sanduku kalifungua. Kwa hiyo nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi
Mpya imeletwa. Kimya kama mgonjwa! Haitikisiki hata kidogo. Mama watoto kaipenda, jana kaniimbia jikoni. Shemeji kasema sasa ndiyo tumepata mashine. Mashine gani haina sauti? Leo mama watoto katoka kumwona binti, nikaifungua mgongoni. Kumbe! Wamefungia jiwe zima la saruji ndani, wezi wakubwa, ili ionekane nzito! Nimeling'oa. Sasa linazuia mlango usijifunge, kazi safi. Kesho mama watoto anafua mablanketi. Shemeji nimemwalika, asimame karibu kabisa, aone mashine inavyochapa kazi.