Theluji ya Aprili na Matairi ya Noella

Jumatatu, 8 Aprili

Theluji inakuja! Jumapili!

Hesabu za Ulaya, zile za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, zinasema hivyo tangu alfajiri. Za Marekani zinasema mvua, lakini hesabu za Marekani hazijawahi kunipenda. Nimetazama ramani mara nne kabla ya kahawa. Dhoruba inazaliwa pwani ya Virginia, inapanda kaskazini, inakutana na baridi ya Quebec juu ya paa langu hasa. Inchi kumi na nane. Labda ishirini! Katikati ya Aprili, wakati Vermont nzima imesharudisha makoleo ya theluji stoo. Wajinga.

Na Jumapili ndiyo siku anayoondoka Noella.

Sikupanga mimi. Mungu kapanga. Mimi nasaidia tu.

Noella ni binti yangu wa pekee, miaka thelathini na minane, muuguzi. Alirudi nyumbani mama yake alipoanza kuugua, akabaki baada ya mazishi. Mwaka wa pili sasa. Februari akaniambia amepata kazi Tucson, kule Arizona. Nikamuuliza kama huko kuna theluji. Akasema hakuna, Baba, na ndiyo raha yake.

Mpango wangu ni mwepesi. Barabara ikifungwa Jumapili, haondoki. Jumatatu bado theluji. Jumanne matope. Mtu akikaa siku tatu zaidi, anaweza kukaa mwaka. Nimeliona kwa macho yangu: yule paka wetu aliingia kujikinga mvua moja tu, akakaa miaka kumi na mmoja.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi kwenye mgahawa wa Verna. Sisi wapenda hali ya hewa hukutana pale kila Jumanne. Zamani tulikuwa tisa. Sasa tumebaki mimi, Verna mwenyewe, na Merrill Pike.

Merrill alikuwa mwalimu wa fizikia. Ana kisanduku cheupe cha vipimajoto uani, na kipima upepo kinachozunguka juu ya nguzo kama jogoo aliyechanganyikiwa. Mimi nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Nina ubao wa mbao na rula vya kupimia theluji. Lakini theluji haiulizi cheti.

Verna alitundika ubao wa kubahatisha. Nikaandika 18. Merrill akachukua chaki, akaandika neno moja: MVUA. Akapiga mstari chini yake! Akasema jua la Aprili halichezewi, na kwamba mimi nikiona wingu moja naanza kutafuta glavu. Watu wa meza ya jirani wakacheka. Akaongeza kuwa mwanawe Everett anakuja kutoka Boston Jumamosi na kurudi Jumapili mchana, wala hana wasiwasi wowote.

Nikamwambia amshauri Everett aje na nguo za kulalia za kutosha.

Verna akaniuliza kwa nini safari hii naitaka sana hii theluji. Nikasema sayansi. Akanitazama kwa muda, akanijazia kikombe bila kuombwa. Sipendi mwanamke anayejaza kikombe kwa namna ile.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nimefanya jambo la akili. Akili kubwa!

Nimemwambia Noella kwamba Arizona ni tanuri, na matairi ya theluji yatalika yote kabla hajafika Ohio. Kweli tupu, fundi yeyote atakubali. Nikajitolea kumwekea ya kiangazi mwenyewe, leo leo. Akafurahi. Akasema, “Baba, unanifikiria hivyo?” Akanibusu kwenye paji la uso.

Nilijiona mwizi kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha nikaenda kutafuta jeki.

Sasa gari lake limevaa matairi ya kiangazi. Kwa theluji ya inchi mbili tu halitapanda hata kilima cha kanisani. Yale ya theluji nimeyabingirisha mpaka bandani, moja moja, nikayafunika kwa turubai, juu yake nikapanga kuni. Goti limevimba. Lakini mtego umekaa sawa.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamekubaliana! Ulaya na Marekani, sauti moja! Merrill peke yake bado anang'ang'ania mvua, eti ardhi imeshapata joto.

Nimechora ramani yangu kwa penseli nyekundu na kuibandika kwenye friji. INCHI 20. Noella aliposhuka kunywa kahawa nikamweleza yote. Theluji yenyewe nzito, imejaa maji, inavunja matawi. Nyaya za umeme chini. Barabara zimefungwa. Malori yamelala mitaroni miguu juu. Nilisema kwa nusu saa bila kupumzika. Sijawahi kutabiri vizuri hivyo maishani mwangu. Nikamwambia pia kwamba dhoruba za pwani huwahi, mtu hujikuta zimeshafika.

Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninyolewe ndevu hadharani nikikosea.

Akazungusha kikombe. Kisha akaniuliza, taratibu, “Baba, kuna jambo lingine lolote ungependa kuniambia kabla sijaondoka?”

Nikasema liko.

Akaweka kikombe chini.

Nikamwambia mgandamizo wa hewa umeanza kushuka tangu saa kumi na mbili.

Akakichukua kikombe tena.

Mchana nimemsikia juu chumbani akiongea na simu. Sikusikia yote, lakini bila shaka anawaambia watu wa Tucson atachelewa. Imefanya kazi! Nimepika maharage na nyama ya nguruwe, anayoyapenda. Tumekula vizuri. Aliniangalia sana mezani. Nadhani ni kwa sababu ya ramani.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimejipalia makaa.

Saa moja asubuhi natoka bandani na kuni, namkuta Noella uani. Gari limejaa hadi dirishani. Injini inanguruma. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Tucson.

Nikamwambia leo ni Ijumaa. Akasema anajua, lakini kwa matairi yale hawezi kuthubutu kusubiri. Jana alipiga simu akaomba kukabidhiwa nyumba mapema, wakakubali. Akasema, “Wewe mwenyewe umesema dhoruba hizi huwahi. Kama si wewe, Baba, ningenaswa.”

Nikajaribu kurudi nyuma. Nikamwambia Merrill anasema mvua. Merrill ni msomi! Merrill ana kisanduku!

Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. “Tangu lini wewe ukamwamini Merrill Pike?”

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Matairi yako bandani, chini ya kuni. Nitayarudisha kwa saa moja, kaa. Ningeanzaje? Ningelazimika kueleza kwa nini yako chini ya kuni.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Jumamosi yote alikuwa ameitenga kwa ajili yetu wawili. Asubuhi twende kaburini kwa mama yake, kuondoa takataka za majira ya baridi. Mchana twende kwa mzee Thibault, kwenye kibanda cha kuchemshia utomvu mtamu wa miti ya mishira mpaka uwe mzito kama asali, tukale sharubati ya mwisho ya mwaka iliyomwagwa ya moto juu ya theluji, na tango la siki pembeni, kama alipokuwa mdogo. Thibault alikuwa ameshamwekea ndoo ya theluji kivulini.

Akasema, “Tutafanya siku nyingine.”

Nikasema ndiyo, siku nyingine.

Akanikumbatia kwa muda mrefu. Mikono yangu ilikuwa imebeba kuni. Sikuziweka chini. Sijui kwa nini sikuziweka chini.

Ameondoka saa moja na dakika arobaini. Anga safi. Upepo wa kaskazini-magharibi, mdogo. Digrii arobaini na moja za Fahrenheit. Nimeandika kwenye daftari la vipimo. Umbali wa kuona: mpaka darajani.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kaburini peke yangu. Nimeokota vijiti, nikasugua jiwe kwa mkono wa sweta. Jeannette alifariki Januari, na hatukuweza kumzika mpaka Mei, kwa kuwa ardhi ilikuwa chuma. Miezi ile yote minne Noella na mimi tulikaa jikoni tukisubiri ardhi ilainike. Kila asubuhi aliniuliza kuna baridi kiasi gani. Nikamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha. Au mimi nilidhani yametutosha.

Nikamsimulia Jeannette habari ya matairi. Namjua. Angesema, “Clovis, ungemwambia tu abaki.”

Rahisi kusema ukiwa chini ya jiwe.

Kwa Thibault sikwenda. Wakati wa kurudi nikapishana na gari la Everett Pike likipanda kilima. Akanipungia mkono, mchangamfu, hana habari.

Jumapili, 14 Aprili

INCHI KUMI NA TISA!

Imeanza saa kumi na moja alfajiri. Kwanza mvua, nikakata tamaa. Kisha matone yakanenepa, yakawa meupe, yakapunguza mwendo. Saa moja ubao wangu haukuonekana. Saa nne tawi la mshira wa mbele limekatika, paaa! kama bunduki. Umeme ukakatika. Kila kitu nilichosema! Kila kitu!

Nilikuwa nakimbia nje na rula kila saa na kurudi ndani nikipiga kelele, “Inchi mbili kwa saa! Mbili!” Mara ya tatu ndipo nilipogundua ninapigia kelele viti. Nilikuwa nimetoa vikombe viwili.

Adhuhuri Verna akapiga simu. Akasema nimeshinda, jina langu litaandikwa juu kabisa ya ubao. Akauliza kama niko salama peke yangu. Nikasema salama kabisa.

Kisha Noella. Yuko Missouri, kituo cha mafuta. Anasema huko miti imechanua maua ya rangi ya waridi na watu wamevaa fulana. Ameona habari kwenye televisheni, barabara zote za Vermont kaskazini zimefungwa. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha. “Baba, umeniokoa! Ningekwama hapo mpaka Jumatano!”

Nikamwambia mpaka Alhamisi, kwa hesabu zangu.

Mtu lazima awe sahihi.

Jumatano, 17 Aprili

Barabara imefunguliwa leo, siku moja kabla ya utabiri wangu. Nimekwenda kwa Verna. Jina langu liko juu, na nyota. Watu wasionijua wamenipa mkono. Nimeisubiri siku hii miaka ishirini. Nilikula keki, ikawa kama nakula sifongo.

Kisha akaingia Merrill. Nilikuwa nimeandaa maneno. Makali! Nimeyafanyia mazoezi tangu Jumapili.

Lakini alikuwa na Everett. Everett alinaswa. Siku tatu! Hakuna umeme, jiko la kuni moja, baba na mwana na karata. Everett amemrekebishia mlango wa ghala. Wamekula supu ya kopo. Siku ya pili, Merrill anasema, walianza kumzungumzia mama yake Everett, ambaye hawakuwa wamemtaja tangu aondoke zake miaka tisa iliyopita. Walizungumza mpaka mishumaa ikaisha. Everett alikuwa amesimama nyuma yake, ameweka mkono kwenye bega la baba yake, kama vile ndivyo wanavyosimama siku zote.

Merrill akanishika mkono. Macho yamemlowa. Akasema, “Umenipiga, Clovis. Na sijawahi kupigwa vizuri hivi.”

Maneno yangu makali yote yakaniruka. Nikamwambia nimesikia amepima inchi kumi na nane uani kwake, na si sahihi, amezipima baada ya theluji kushindiliwa.

Akasema huenda.

Nikatembea kurudi nyumbani. Theluji inayeyuka haraka. Jua la Aprili, ni kweli, halichezewi. Kila mfereji unaimba. Bandani nikaondoa kuni, nikakaa juu ya tairi moja mpaka goti likapoa.

Jumamosi, 8 Juni

Habari njema! Noella anakuja tarehe 22, wiki moja nzima. Atapanda ndege, atabadilishia Chicago.

Alipiga simu jana. Anasema kazi nzuri, jirani zake wema, usiku anasikia mbwa mwitu wadogo wakilia. Nikamwambia najua, digrii mia moja na nne juzi. Nimejiunga na kundi la wapenda hali ya hewa wa Tucson kwenye intaneti. Tayari nimeshagombana na mmoja wao, dalali wa nyumba asiyejua lolote kuhusu unyevu.

Akacheka. Kisha akasema ana siku za likizo zimelala tu. “Baba, ukitaka nije mapema zaidi, sema. Neno moja tu.”

Nikamwambia tusubiri tuone hewa inasemaje.

Na hewa imesema! Asubuhi hii nimetazama hesabu za Ulaya. Ni wiki mbili mbele, wapo watakaobisha, lakini mimi nimeona: tarehe 22, radi juu ya Chicago. Ngurumo, mvua ya mawe, ndege zimekwama chini kama kuku bandani. Mpango umekuja wenyewe. Nikimtisha kisawasawa, ataisogeza safari hadi tarehe 15. Wiki nzima ya ziada! Safari ile nilikosea kidogo tu: niliogopa, nikatabiri kwa upole.

Safari hii sikuogopa. Nimechora ramani, penseli nyekundu imebaki ncha. Nimeandika kwa herufi kubwa: USITHUBUTU KUSAFIRI TAREHE 22. Nimeorodhesha ajali za ndege sita. Nimeituma saa tatu asubuhi.

Hajajibu bado. Ana zamu.

Nimeshatandika kitanda chake na kufua mapazia.