Kuhusu Mwanangu Anayetua Naha Bila Kufika Nyumbani

Naha, tarehe 9 Desemba

Kwa Mkuu wa Idara ya Abiria Waheshimiwa,
Shirika la Ndege la Shiokaze,
Tokyo.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, ingawa najua Desemba kwenu ni mwezi wa mavuno. Mimi naitwa Nakandakari Tomi, mjane wa miaka sabini na tisa, mkazi wa hapa Naha. Sijawahi kupanda ndege yenu hata siku moja. Hata hivyo naamini nimo miongoni mwa wateja wenu wakubwa, kwa sababu nimewapa mwanangu.

Mwanangu ni Chosei, ana miaka arobaini na sita, fundi mkuu wa lifti huko Saitama, jirani na Tokyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wakifika ghorofa wanayokwenda, mlango unafunguka na wanatoka. Tangu Aprili ametua Naha mara ishirini na sita. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwangu ni vituo saba vya treni. Kwangu hajafika hata mara moja. Anashuka kwenye ndege yenu, anazunguka hadi lango la kuondokea, anapanda ndege ileile na kurudi Tokyo. Jumamosi nyingine hufanya hivyo mara mbili.

Ukimuuliza, anakwambia anakusanya pointi za kadi yenu ya Msonobari, ile inayodumu maisha yote, na kwamba zisipotimia ifikapo tarehe 31 Desemba hesabu inaanza upya. Wenzake wa aina hiyo ni wengi, na wanajiita watawa walio kwenye mafunzo. Mimi nimeona watawa wakisimama chini ya maporomoko ya maji ya baridi. Hawa wenu wanateseka wakiwa wamekaa, na juisi wanaletewa.

Naomba basi kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu zawadi. Haya yote nisingeyajua kama si zawadi ya mwisho wa mwaka. Wiki iliyopita mkwe wangu Mayuko, binti mwenye adabu sana, alinitumia boksi kutoka Saitama. Ndani mlikuwa na biskuti za chinsuko, zinazookwa mtaa wa tatu kutoka mlangoni kwangu. Kibandiko kilikuwa cha duka la uwanja wa ndege wa Naha. Maana yake biskuti zilitoka mtaani kwangu zikaenda uwanjani, mwanangu akazinunua ili asirudi mikono mitupu, zikaruka hadi Tokyo, mkewe akazifunga vizuri, zikarudi tena kwangu. Jirani yangu, Yonamine Hatsu, alizitazama akasema, "Shoga, biskuti zimejua njia ya nyumbani, mwanao hajaijua." Nilicheka mbele yake. Alipoondoka sikucheka. Nililia, Ndugu Mkuu, na biskuti sikuzigusa.

2. Kuhusu mizigo na raha nyingine. Nilimpigia simu Chosei, naye badala ya kuomba radhi akaniomba ushauri. "Mama, unaonaje, nilipie zaidi nikae viti vya mbele? Pointi zinaingia haraka. Inafaa au haifai?" Nikamwambia anitajie faida za hiyo kadi, nami nitamwambia kama inafaa. Akasema mwenye Msonobari mzigo wake hutoka wa kwanza. Mwanangu hasafiri na mzigo. Akasema atapanda ndege kabla ya wengine. Nikauliza kama na ndege itamwondoa kabla ya wengine. Akasema kuna ukumbi wa kupumzikia wenye mashine inayoinamisha glasi yenyewe na kumimina bia bila kumwagika. Mwanangu akinywa bia nusu glasi huwa mwekundu mpaka masikioni, hilo naomba mlijue kabla hamjampa kadi. Nikamshauri asilipie kiti cha mbele, wala cha nyuma, wala cha katikati. Akasema, "Mama, huelewi mambo haya." Ni kweli, sielewi, ndiyo maana nakuandikia wewe.

3. Kuhusu salamu. Anasema wahudumu wenu humfuata mpaka kwenye kiti chake, wanapiga goti na kumwambia, "Bwana Nakandakari, karibu tena." Mmoja wao, Bi Hoshikawa, alimwandikia kikadi kwa mkono wake akimshukuru kwa kusafiri nao mara nyingi. Mwanangu amekiwekea fremu. Mimi nimekuwa nikimwandikia kwa mkono kwa miaka ishirini na minne tangu ahamie huko, na Mayuko ananiambia barua zangu zimo kwenye boksi la viatu. Sina kinyongo na Bi Hoshikawa. Nauliza tu mlimfundisha nini, hata jina la mwanangu likawa tamu zaidi mdomoni mwake kuliko mdomoni mwangu mimi niliyempa.

4. Kuhusu hilo neno lenu "maisha yote". Nilipomwambia Chosei atoke nje ya uwanja japo mara moja, alinijibu, "Mama, nina dakika arobaini na tano tu. Nikiikosa ya kurudi, siku nzima imeharibika. Mwakani nikishapata kadi nitakuja kwa raha zangu, maana kadi yenyewe ni ya maisha." Naomba idara yako ifafanue kimaandishi ni maisha ya nani. Yake yana nafasi. Yangu, kwa hesabu ya daktari wangu, hayajaahidiwa kuifikia hiyo mwakani yenu.

5. Kuhusu tarehe 20 Desemba. Siku hiyo tunamfanyia marehemu mume wangu kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu. Mtawa wa kweli anakuja nyumbani saa tatu asubuhi. Mtawa wenu atatua saa tano na dakika ishirini na kuondoka saa sita na dakika tano. Nilipomkumbusha alisema, "Nitamkumbuka baba nikiwa angani, Mama. Huko juu nitakuwa karibu naye zaidi." Baba yake alikuwa anaogopa hata ngazi ya kupandia darini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku hiyo naomba ndege yenu iharibike Naha. Sitaki hatari yoyote. Tatizo la gurudumu linatosha, au mlango unaokataa kufunga, kwa muda wa saa tatu. Mkishindwa hilo, tangazeni tufani. Najua Desemba si msimu wake, lakini shirika linaloweza kumshawishi mtu mzima kwamba kwenda na kurudi ni kusafiri haliwezi kushindwa na jambo la hali ya hewa. Na mkishindwa hilo pia, basi nipeni mimi hiyo Msonobari. Nimemhudumia abiria huyu tangu hajajua kutembea, na mizigo yake yote niliibeba mimi.

Naomba unifikishie salamu kwa rubani, kwa Bi Hoshikawa, kwa wote wanaopiga magoti kwenye njia ile nyembamba, na kwa mashine ya bia. Hatsu naye anakusalimu, ingawa maneno aliyotumia nimeyapunguza.

Wako anayesubiri kituo cha saba,
Nakandakari Tomi

Tanbihi, tarehe 21 Desemba. Barua hii ilikaa kwa kukosa stempu, kisha nami nikakosa hasira. Hatsu aliniambia mwenye tiketi yoyote anaruhusiwa kupita kwenye ukaguzi. Jana mtawa alipomaliza sala nilifunga chakula cha kumbukumbu, nyama ya nguruwe, tofu ya kukaanga na mwani wa mafundo, nikatia picha ya marehemu mkobani, nikaenda uwanjani na tiketi yenu ya bei ya chini kabisa, ya kisiwa cha Kumejima. Chosei aliponiona pale langoni aliangalia saa kwanza, kisha akaniangalia mimi. "Mama, umeingiaje humu?" Nikamwambia, "Kwa tiketi, kama wewe. Kaa ule." Akala huku baba yake anatutazama kutoka kwenye kiti cha pembeni. Walipoitwa wanaotangulia kupanda, hakuinuka. Walipoitwa waliobaki, hakuinuka. Alipanda wa mwisho, na mafuta ya nguruwe vidoleni.

Kabla ya kuondoka alinishika mkono akasema, kama anayeniletea habari njema, "Nimebakiza safari mbili tu, Mama. Zikiisha hizo, sitarudi tena kwenye mambo haya." Hapo nikapiga hesabu. Akishapata kadi, nini kitamleta Naha?

Kwa hiyo naomba mfute malalamiko yangu yote matano, pamoja na tufani. Badala yake naomba mpandishe idadi ya pointi zinazotakiwa. Mkipenda ipandisheni mara mbili, na mwakani muipandishe tena. Ule ushauri wangu kwamba asilipie kiti cha mbele naona ulikuwa mzuri kuliko nilivyojua, maana angelipia angekuwa amebakiza safari moja. Mimi Kumejima nilikwenda, nikageuza bila kutoka nje, na juisi nililetewa. Atakuja tena Jumamosi tarehe 27, mara mbili, na nimeshakata tiketi mbili, ya asubuhi na ya mchana. Kumejima sina ninayemjua.